Santuri za babu stooni: Kabla hujazitupa, familia ikae kikao

Dodoma. Kadiri wapangaji wanavyoongezeka jijini Dodoma, vyumba vya stoo vinazidi kugeuzwa kuwa vya kupangisha. Godoro la zamani linatolewa, baiskeli mbovu inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mara nyingine chini kabisa linakutwa boksi la santuri ambazo hakuna kijana nyumbani anayejua zinapigwaje.

Hapo ndipo mvutano unapoanza. Baba anataka zibaki, mama anaona vumbi, na mtoto mkubwa anaona kodi ya mwezi inayopotea.

Katika mtaa mmoja wa kata ya Chang'ombe, mvutano wa namna hiyo ulidumu karibu miezi mitatu. Mwenye santuri ni babu wa miaka 74, mstaafu wa reli. Yeye na familia yake wameomba majina yao yasiandikwe kwa kuwa jambo lenyewe liligusa ndoa na ada ya mjukuu.

Ana sahani mia mbili na kidogo, karibu zote ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Nyingi ni za lebo moja ndogo ya Mombasa iitwayo Mzuri. Alianza kuzinunua akiwa kijana, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, safari za kikazi zilipokuwa zikimfikisha pwani. Baadaye aliacha, akalea watoto sita. Alipostaafu na kupata simu ya kisasa, akagundua kwamba wauzaji wa Nairobi na Mombasa hutuma sahani kwa basi. Akaanza upya.

Mkewe hakujua. Alijua siku ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi ilipopiga namba yake, ambayo mzee alikuwa ameiandika kwa mazoea, kumtaarifu kuwa mzigo umefika. Ilikuwa wiki ileile ambayo mzee alikuwa ameomba asubiriwe kidogo kulipa ada ya mjukuu aliyeahidi kumsomesha.

Lebo ndogo, nyimbo za ajabu

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima aifiche familia yake sahani za plastiki, ni vizuri kujua zilivyopatikana.

Mwanzoni, muziki wa Kiswahili kwenye santuri ulikuwa mikononi mwa kampuni kubwa za ng'ambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya HMV. Miaka mingi baadaye, duka la Assanand la Mombasa lilianzisha lebo yake lenyewe, Mzuri. Duka lilirekodi waimbaji wa taarab wa mji uleule na kuwauzia wateja wa mji uleule. Hapakuwa na haja ya kuipendeza dunia nzima, ilitosha Mombasa ipende.

Ndiyo maana muziki wa Mombasa wa miaka hiyo una mambo ambayo kampuni kubwa pengine isingeyathubutu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Kikundi cha Yaseen kilipiga taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa karne iliyopita. Matano Juma aliingiza kinanda cha umeme. Mtoto wa leo akisikia mlio wake anaweza kudhani spika imeharibika.

Uingereza nayo ilipitia jambo linalofanana na hilo. Januari 1977 kikundi cha Buzzcocks cha eneo la Manchester kilikopa takriban pauni 500, kikachapa wenyewe nakala 1,000 za sahani ndogo iitwayo Spiral Scratch. Baada yake zikazuka lebo nyingi ndogo za vijana zenye nyimbo za vituko, na leo kuna watu duniani wanaotafuta sahani za lebo moja tu mpaka wazikamilishe. Mzee wa Chang'ombe ana ugonjwa huohuo, ila wake ni wa Mombasa.

Kwa Tanzania, santuri za zamani zina uzito wa ziada. Bendi nyingi zilirekodiwa kwenye kanda na Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini sahani zilichapwa Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa, njia hiyo iliziba hadi ulipofunguliwa tena Novemba 1983. Kwa hiyo sahani iliyomo kwenye boksi inaweza kuwa ya bendi ambayo haikupata nafasi nyingi za kuchapwa. Wenyeji wa Dodoma wana la kwao pia: sahani za Afro 70, bendi iliyoongozwa na Patrick Balisidya wa Mvumi, aliyefariki mwaka 2004.

Kikohozi cha mjukuu

Kilichofanya mvutano wa Chang'ombe uwe mkubwa hakikuwa fedha pekee. Mjukuu wa miaka mitano alikuwa akilala chumba yalimowekwa maboksi, na kila alfajiri alikohoa na kupumua kwa mlio. Kituo cha afya kilimpa dawa ya kuvuta na kumshauri mama yake aondoe vumbi na vitu vyenye ukungu karibu na kitanda.

Sahani yenyewe haileti pumu. Tatizo ni majalada ya karatasi na maboksi. Yakipata unyevu wakati wa mvua, yanaota ukungu, na kiangazi kinapokuja na upepo wa Dodoma, vumbi linajaa juu yake. Anayeyapekua anarusha hewani vitu ambavyo kwa mtoto mwenye pumu vinatosha kumbana kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 262 waliishi na pumu mwaka 2019, na ndiyo ugonjwa sugu unaowapata watoto zaidi.

Bibi alitaka maboksi yachomwe moto nyuma ya nyumba. Kwa bahati nzuri hilo halikufanyika. Sahani ndogo nyingi zimetengenezwa kwa plastiki aina ya PVC, ileile ya mabomba ya maji. Ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo, pamoja na kemikali za dioksini ambazo huweza kusababisha saratani. Familia ambayo ingechoma santuri kumwokoa mtoto mwenye pumu ingemvutisha moshi mbaya kuliko vumbi.

Mkusanyaji au mlimbikizaji?

Swali ambalo wake, waume na watoto wengi hujiuliza ni hili: Je, hii ni hobi au ni ugonjwa?

Kulimbikiza vitu kupita kiasi ni tatizo la afya ya akili linalotambulika. Limo katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Lakini kuwa na vitu vingi peke yake si ugonjwa.

Mkusanyaji kwa kawaida anajua alicho nacho. Anavipanga, anavionyesha, anaweza kusimulia habari ya kila kimoja, na anaweza kuuza au kubadilishana. Mwenye tatizo la kulimbikiza huteseka sana akiambiwa atupe hata kitu kisicho na thamani, na vitu huziba maeneo ya kuishi: kitanda hakilaliki, jiko halipikiki, mlango haufunguki. Ikiwa mzazi au babu amefikia hapo, kumfokea au kutupa vitu vyake akiwa safarini hakusaidii, na mara nyingi huongeza hofu. Anahitaji kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.

Dalili nyingine ya kuangalia ni siri. Anayeficha bei, anayekopa ili anunue, au anayekula fedha ya ada na dawa, hobi yake imeshavuka mpaka hata kama maboksi ni mawili tu. Kwa kipimo hicho, babu wa Chang'ombe alikuwa mkusanyaji mzuri na mtunza fedha mbaya.

Muziki na kumbukumbu za wazee

Kuna sababu ya kutoharakisha kutupa. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30, na nyimbo za umri huo hubaki kwa muda mrefu kuliko mengi mengine.

Kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, muziki si tiba na haurudishi ubongo nyuma. Hata hivyo, tafiti zinaonyesha unaweza kupunguza huzuni, na wauguzi wengi huutumia kumtuliza mgonjwa asiyetulia. Kwa mzee mwenye akili timamu, wimbo ni njia rahisi ya kumfungua mdomo. Mtoto anayeuliza habari za zamani hujibiwa kwa kifupi, lakini wimbo ukipigwa babu ataeleza alikuwa wapi, na nani, na nauli ilikuwa kiasi gani.

Kwa Chang'ombe, huko ndiko suluhu ilikotokea. Binti wa kidato cha tatu alipewa kazi ya kuandika kila sahani kwenye daftari: lebo, namba, mwimbaji, upande wa kwanza na wa pili. Kila Jumapili mchana alikaa na babu wakafanya sahani kumi. Bibi, aliyekuwa akipita na ungo huku akinung'unika, ndiye aliyeanza kumsahihisha mumewe majina ya waimbaji.

Sauti iwe ya kiasi

Mzazi anayewawekea watoto muziki, uwe wa santuri au wa simu, akumbuke masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidishe desibeli 75 kwa muda huohuo. Kwa matumizi ya nyumbani, kama inabidi mtu apaze sauti ili asikike na aliye umbali wa mkono, muziki umezidi.

Mzee mwenye usikivu hafifu huongeza sauti bila kujua. Badala ya kugombana naye kila siku, ni bora akapimwe masikio.

Namna ya kuzitunza kwa usalama

Kwa familia iliyoamua kubaki na santuri, mambo machache yanatosha.

Zitolewe kwanza chumba anacholala mtoto. Kazi ya kuzipangua ifanyike nje, kivulini, kwa barakoa, watoto wakiwa mbali. Maboksi yenye ukungu yatupwe, na majalada yaliyooza yabadilishwe kwa bahasha safi za karatasi.

Zisimamishwe wima kama vitabu. Zikilazwa kwa rundo hupinda, na chini ya bati la Dodoma mchana wa Oktoba hupinda haraka zaidi. Ukuta wa ndani usiopigwa na jua ndio mahali pake.

Zisafishwe kwa kitambaa laini na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Hapa pana hatari: dukani kuna maji ya kuongeza na kuna asidi ya betri, na chupa zake huweza kufanana. Asidi huunguza ngozi na kupofusha macho. Soma maandishi, muulize muuzaji, na chupa yoyote ya aina hiyo isikae mahali mtoto anapofika. Sahani nzito za zamani zaidi, zile za mizunguko 78 zinazovunjika kama kigae, zisiguswe na spiriti kwa sababu huyeyusha utomvu uliozitengeneza.

Mashine ya kupigia nayo ikaguliwe. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia umeme wa volti 110 hadi 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Ikichomekwa bila transfoma inaweza kuungua na kuwasha moto. Sindano zilizochakaa zifungwe kwenye karatasi kabla ya kutupwa.

Kuhifadhi nyimbo kwenye simu kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, kuziuza au kuzisambaza ni lingine. Nyimbo nyingi bado zina wenyewe au warithi wao, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (Cosota) ndiyo mahali pa kuuliza.

Anayetaka kuuza asikubali bei ya kwanza wala asitegemee utajiri. Sahani chache nadra hupata bei nzuri kwa wakusanyaji wa nje, lakini nyingi zina mikwaruzo na thamani yake ni kwa anayezipenda tu. Nairobi, kibanda namba 570 cha Kenyatta Market na duka la Melodica, lililoanzishwa mwaka 1971, ni mahali ambapo biashara hiyo bado ipo.

Kikao cha dakika 30

Familia ya Chang'ombe ilifikia makubaliano manne. Ada ya mjukuu hutumwa moja kwa moja shuleni siku pensheni inapoingia. Babu ana kiasi chake kidogo kwa mwezi, na bibi anakijua. Sahani mpya ikiingia, moja inatoka. Stoo imepata mpangaji, na santuri zimehamia kabati la sebuleni lenye milango, mbali na chumba cha mtoto.

Si kila mtu alipata alichotaka. Kijana mkubwa bado anaona kabati lile lingefaa kwa vyombo, na sahani 40 hivi zilizooza majalada zilitolewa kwa fundi redio wa jirani. Lakini mtoto analala vizuri zaidi, ingawa dawa yake ya kuvuta bado inabaki karibu, kama alivyoelekezwa kituoni.

Mzazi mwenye boksi kama hilo nyumbani anaweza kuanza na maswali matatu mezani, mwenyewe akiwepo: Linamdhuru nani? Linagharimu kiasi gani, na fedha inatoka wapi? Na kuna nani katika nyumba hii ambaye angependa kujua kilichomo? Majibu yakishapatikana ndipo iamuliwe kutupa, kuuza au kubaki nalo.