Dakika Tano za Mwisho wa Somo

Katika Kasenga, mji ulio kando ya mto Luapula, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, ambao ng'ambo yake ni nchi ya Zambia, aghalabu mtoto hukua akisikia Kibemba na Kiswahili nyumbani na sokoni, kisha akiingia shuleni hukutana na Kifaransa, ambacho Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekifanya lugha rasmi, hali Kiswahili kimewekwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Kazi anayotakiwa mtoto huyu si haba; na mwalimu wake, ambaye darasa lake limezidi kujaa tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure mnamo Septemba 2019, hana budi kufahamu ni dakika zipi za somo zenye manufaa makubwa. Kwa rai yangu ni zile tano za mwisho, ambazo mara nyingi hupotea katika kunakili ubao na kukusanya madaftari.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejijaribu nafsi yake kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, alibainisha mwaka 1885 ya kuwa sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka katika saa za mwanzo, kisha usahaulifu hupungua kasi. Lakini jaribio linalotuhusu zaidi sisi wenye lugha hii lilichapishwa Februari 2008 katika jarida la Science na wataalamu wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliowafundisha wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Wote waliyajua maneno yale. Ila baadhi yao, neno walilokwisha kulikumbuka mara moja hawakuulizwa tena, hata kama waliendelea kulisoma, na wengine waliulizwa maneno yote mpaka mwisho. Baada ya juma moja walioendelea kuulizwa walikumbuka asilimia 80 hivi, na wale wengine wapata thuluthi moja tu, wala kule kusoma kwa kurudiarudia hakukuwafaa kitu. La ajabu ni kwamba wao wenyewe hawakuhisi tofauti: walipotakiwa kukisia, makundi yote yalidhani yangekumbuka karibu nusu.

Kumbe neno hukaa akilini kwa kutolewa kuliko kwa kuingizwa, kama njia ya mtoni inavyobaki wazi kwa kupitwa na watu.

Tuseme, basi, somo la leo lilikuwa maneno ya uvuvi: poisson (samaki), filet (wavu), pirogue (mtumbwi). Zikisalia dakika tano, mwalimu na afute ubao na madaftari yafungwe, kila mtoto amgeukie jirani yake, huyu aseme «wavu» na yule atafute kichwani jina lake la Kifaransa, naye aachwe kitambo atafute, maana katika kule kutafuta ndimo mlimo na faida, kabla hajasaidiwa. Akikosea asahihishwe papo hapo, alitamke tena. Kisha mwalimu awaulize wawili watatu ambao hawakunyosha mkono. Walio wadogo zaidi, ambao huenda wanafahamu neno lakini bado ulimi hauwatii, wasikie «pirogue» na wapige kasia hewani. Hilo nalo ni jibu.

Sisemi kuitikia kwa pamoja hakuna kazi, kwani husaidia matamshi. Lakini katika sauti ya watoto sitini, wasiojua huchukuliwa na wanaojua, na mwalimu hutoka darasani akiamini wote wamefahamu. Tena waliojaribiwa kule Marekani walikuwa watu wazima, na mtoto wa miaka saba huchoka upesi. Kwa hiyo zoezi na liwe fupi, liwe mchezo, wala lisitiwe maksi. Maneno yaleyale yaulizwe kesho yake asubuhi, na tena baada ya juma.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule na wakaguzi, wanapoingia darasani wakakuta ubao umefutwa, madaftari yamefungwa na watoto wakiulizana wawili wawili, wasimwandike mwalimu yule kuwa amemaliza kazi kabla ya wakati, bali waketi wasikilize.