KIFARANGA HUFA KWA BARIDI KABLA YA NJAA



Kuku wako ameangua vifaranga 12. Baada ya wiki mbili unahesabu tena. Saba wamekufa. Wamebaki watano. Jirani anasema, "Ni mwewe huyo." Mwingine anasema, "Ni kijicho cha watu." Mwewe yupo kweli, na magonjwa yapo. Lakini yuko adui mwingine ambaye watu wengi hawamtazami. Adui huyo ni baridi.

Kwa nini kifaranga huona baridi?

Kifaranga mchanga ana manyoya laini kama pamba. Manyoya hayo hayatoshi kuzuia baridi, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Joto hulipata kwa mama yake. Mwili wa kuku mkubwa una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo chini ya mbawa zake ni kama kuna jiko.

Chakula je? Kifaranga huzaliwa akiwa na akiba tumboni, nayo ni kiini cha yai. Akiba hiyo yaweza kumtosha siku mbili. Lakini akikosa joto, usiku mmoja wa baridi waweza kummaliza. Wenzetu wa Makete, Njombe na Lushoto wanaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Hata sehemu za joto, alfajiri huwa na ubaridi.

Basi ukinunua vifaranga wasio na mama, au ukiwatenga na mama ili arudi kutaga mapema, wewe ndiwe mama yao. Lazima uwape joto.

Tengeneza kinengunengu

Kinengunengu ni boksi la kulelea vifaranga bila moto. Fanya hivi:

1. Tafuta boksi la mbao au kikapu kikubwa. Boksi la nusu mita kila upande latosha vifaranga 25.
2. Toboa matundu madogo pande za juu ili hewa ipite.
3. Jaza majani makavu. Katikati bonyeza shimo la mviringo kama kiota. Ziba pembe zote kwa majani, maana vifaranga hubanana pembeni wakakanyagana.
4. Funika kwa gunia lenye majani makavu ndani. Usizibe matundu ya hewa.

Joto la miili yao litabaki humo. Kwa hiyo kinengunengu hakifai kwa vifaranga wawili au watatu. Usiku wa baridi kali, chukua chupa ya maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa, uiweke katikati yao. Mchana watoe nje wale, wanywe na kuota jua.

Ukitumia moto

Wengine hutumia taa ya chemli au jiko la mkaa. Haya, lakini angalia sana. Washa mkaa nje mpaka moshi uishe. Zungushia jiko matofali, vifaranga wasiungue. Acha dirisha la juu wazi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo huua vifaranga, na huua watu pia. Usilale chumba chenye jiko la mkaa hata siku moja.

Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 mpaka 35. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Wakishaota manyoya ya kweli, wiki ya nne au ya tano, wengi hawahitaji joto tena.

Wasome vifaranga

Utasema, "Mimi sina kipimajoto." Usijali. Wewe umejifunza kusoma herufi. Sasa soma vifaranga:

- Wamebanana na kulia sana: wanaona baridi. Ongeza joto.
- Wamekimbia moto, wameachama midomo na kuhema: joto limezidi. Punguza.
- Wote wamekimbilia upande mmoja: upepo unaingia. Ziba.
- Wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala: joto ni sawa.

Wasome kabla hujalala, na tena alfajiri.

Unyevu nao una kipimo

Moto hukausha hewa, na vumbi huwaziba pua. Kwa hiyo maji safi yawe karibu wakati wote. Weka maji katika sahani isiyo na kina, na katikati tia mawe safi, wasije wakazama.

Lakini chini pawe pakavu. Tandaza maranda au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Palipolowa toa, weka makavu. Kifaranga aliyelowa hupoa upesi, na matandiko mabichi huleta ugonjwa wa kuhara damu. Ukiinama ukasikia harufu kali inayochoma macho, ujue umechelewa kubadilisha.

Tupige hesabu

Kuku watatu wameangua vifaranga 12 kila mmoja. Jumla ni 36. Wakibaki watano kwa kila kuku, una 15. Wakibaki tisa kwa kila kuku, una 27. Umepata kuku 12 zaidi, na hukununua hata yai moja. Kilichoongezeka ni boksi, majani makavu na macho yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kifaranga hufa kwa baridi kabla ya njaa?
2. Vifaranga wakibanana, wanasema nini?
3. Kijijini kwetu, kinengunengu chaweza kutengenezwa kwa vitu gani?