Injini ndogo ina ukubwa wake mchangani

Ipo dhana iliyoota mizizi miongoni mwa vijana wetu kwamba ukubwa wa chombo ndio kipimo cha hadhi ya mwenye chombo. Wasikilize wanafunzi wakizungumza juu ya pikipiki. Injini za CC 600 na CC 1000 huzitaja kwa heshima waliyostahiki mashujaa wa kale, ilhali pikipiki ya CC 100 au 125, ile ile inayowafikisha shuleni asubuhi, huitaja kwa kicheko. Nia yangu leo ni kuitetea hiyo inayochekwa. Katika nchi ya mchanga inayoanzia ukingo wa Mto Tana mjini Garissa na kuenea hadi Wajir na Mandera, pikipiki ndogo si chombo cha mtu aliyeikosa kubwa. Ni chombo bora kwa sifa zake chenyewe, na ina raha ambazo ile kubwa haiwezi kuzitoa.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, msomaji mpenzi ataniwia radhi nikianza na jina. Neno "pikipiki" ni tanakali, yaani limezaliwa na mlio wa injini yenyewe. Wasomali, ambao ndio wengi wa wenyeji wa Kaskazini Mashariki, wana neno "dhugdhugley", nalo limetokana na mlio vilevile. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja, moja ya Kibantu na nyingine ya Kikushi, zilikisikia chombo kimoja na kukipa jina kwa njia moja: kwa kuurudufu mdundo wake. Mdundo unaoweza kuhesabika hivyo, piki kisha piki, ni mdundo wa silinda moja. Injini kubwa ya silinda nne haipigi piki; hunguruma kwa sauti moja iliyoungana. Hivyo basi, jina tulilo nalo ni jina la silinda moja, na silinda moja ndiyo moyo wa pikipiki ndogo hadi leo.

Sasa na tuvuke daraja. Msafiri atokaye Nairobi hupita Thika na Mwingi, akafika Madogo, akavuka Mto Tana na kuingia Garissa baada ya kilomita 370 hivi za lami. Lakini lami si hali ya kawaida katika sehemu hizi. Mji wa Wajir wenyewe haukupata lami yake ya kwanza hadi baada ya ugatuzi wa 2013, nusu karne baada ya uhuru. Ukishaiacha barabara kuu, njia nyingi za kwenda vijijini ni mchanga, miiba ya migunga na laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, ambayo hukaa mikavu kwa miezi mingi kisha ikafurika kwa usiku mmoja.

Katika mchanga wa namna hiyo, hakimu wa kwanza ni uzito. Pikipiki ya CC 100 au 125 ina uzito wa kilo 110 hivi. Zile kubwa zilizoundwa kwa safari za mbali aghalabu huzidi kilo 200 kabla ya kupakiwa mzigo wowote. Gurudumu likizama, mwenye ndogo huteremsha miguu yote miwili, akaupiga mchanga kama mtu apigaye kasia, akatoka. Akianguka, na ataanguka, maana mchanga haumstahi mtu, huinuka akajipangusa, akakiinua chombo chake peke yake na kuendelea na safari. Mwenye kubwa huketi chini ya mgunga akisubiri wapita njia, na katika nyika ile wapita njia si wengi.

Mwendeshaji mmoja wa Garissa aliwahi kuniambia hivi: "Mwalimu, usiseme pikipiki ni yako kama ikilala huwezi kuiamsha." Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Umiliki si risiti ya duka wala jina lililoandikwa katika hati. Tunamiliki kile tunachoweza kukiinua, kukitengeneza na kukilisha.

Tumekwisha kuona suala la kuinua. Je, kutengeneza? Injini ndogo hupozwa na upepo. Haina rejeta wala pampu ya maji. Ubavuni mwa silinda kuna mapezi ya chuma yanayotawanya joto, basi. Katika eneo ambalo joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, si neema ndogo kuwa na chombo kisichodai maji, kwa maana maji ni ya watu na mifugo. Fauka ya hayo, viungo vyake ni vichache: plagi moja, kabureta moja, mnyororo mmoja. Fundi wa Modogashe au Habaswein huvijua vyote kwa vidole vyake, na kwa spana chache anaweza kuifungua injini na kuifunga kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri. Vipuri vya Boxer na TVS, pikipiki zitokazo India, havihitaji kuagizwa ng'ambo na kusubiriwa miezi.

Na kulisha? Pikipiki ya CC 100 huweza kwenda kilomita 50 au zaidi kwa lita moja. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kilomita 100 hivi, kwa hiyo lita mbili hukufikisha. Vijijini petroli huuzwa kwa chupa kando ya njia, na chupa mbili ni jambo ambalo mfuko wa mwalimu unaweza kulistahimili hata tarehe 25 ya mwezi. Injini ya CC 1000 kwa safari hiyo hiyo itakudai mara mbili au zaidi.

Hayo ni manufaa. Raha ni jambo jingine, nayo haihesabiki kwa shilingi. Mwenye pikipiki ndogo huutumia uwezo wote wa chombo chake. Huisikia injini inapochoka mlimani, akashusha gia. Huisikia inapopata nafasi, akapandisha. Wawili hao hufanya kazi pamoja. Mwenye kubwa hutumia robo tu ya nguvu alizozinunua, na muda uliosalia huutumia kuzizuia. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, jicho hupata fursa ya kumwona swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani ya juu. Humwona digidigi akikata njia, naye jina lake, kama la pikipiki, limetokana na mlio. Isitoshe, mwendo huo unaruhusu salamu. Salamu ya mchunga ngamia si neno moja la kutupiwa mtu. Ni habari za mvua, za malisho, za mifugo na za jamaa. Apitaye kwa kilomita 120 kwa saa hana salamu. Huwaachia watu vumbi, na ngamia huwaachia hofu.

Wala hili si jambo la nyika yetu pekee. Mwaka 1958 kampuni ya Honda huko Japani ilitoa pikipiki iitwayo Super Cub, yenye injini ya CC 50 tu. Kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo. Hapa kwetu, bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvushia watu mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, katika miaka ya 1960. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008 kwa pikipiki zisizozidi CC 250, chombo hicho kilienea nchini kote, na neno la mpaka wa magharibi likatamkwa hata kwenye mpaka wa mashariki. Wahenga walinena kweli: usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita.

Sisemi kwamba pikipiki kubwa haina kazi. Katika safari ndefu ya lami huenda ikamfaa mwenye mwili mkubwa na mfuko mnene. Wala sisemi kwamba ndogo haina hatari. Wadi za mifupa katika hospitali zetu zinajua ukweli. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na inawataka wote wawili wavae kofia ngumu. Mara ngapi tumewaona watoto watatu wa shule wamebanwa nyuma ya dereva mmoja, vichwa wazi? Lakini walimu wa fizikia watatukumbusha kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kugongana huongezeka mara nne. Injini ndogo haimfanyi mpumbavu kuwa na hekima, ila humpunguzia uwezo wa kujiua na kuua wenziwe.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu kuliko tunavyodhani. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakielekea likizoni. Baada ya hapo walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliliacha eneo hilo, na madarasa yakabaki bila wa kuyafundisha. Shule za Kaskazini Mashariki ziko mbalimbali, na nyingine huwafuata wafugaji wanakohamia. Bei ya gari moja kubwa la ofisi hununua makumi ya pikipiki ndogo. Gari hilo aghalabu hukaa makao makuu likimngoja mkubwa. Pikipiki humpeleka mwalimu wa hisabati katika shule mbili kwa siku moja, na hupenya pale ambapo gari hukwama. Ofisi za elimu na serikali za kaunti zinapopanga bajeti, hesabu hiyo na ifanywe kwa uaminifu.

Upo upande wa pili unaouma. Pikipiki hiyo hiyo huwatoa wavulana darasani. Kijana huona fedha za kila siku mkononi mwa mwenziwe, akalitupa daftari, na punde si punde anaitamani injini kubwa zaidi, akaingia katika deni la chombo asichoweza kukiinua. Na tamaa hiyo itaongezeka, maana lami inazidi kujengwa kutoka Isiolo kuelekea Wajir na Mandera, na lami humnong'onezea kijana habari za mbio. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatutawaokoa vijana hawa kwa kukikemea chombo wanachokipenda. Tukiingize darasani. Mwalimu wa hisabati awape hesabu ya lita na kilomita. Wa fizikia awaonyeshe nishati na breki. Wa Kiswahili awaulize kwa nini tunasema pikipiki, digidigi na tingatinga. Kisha kila mwanafunzi anayeota injini ya CC 1000 ajiulize maswali matatu kabla ya kuweka saini popote: Nitaiinua mwenyewe? Nitaitengeneza nikiwa mbali na mji? Nitailisha bila ya kuwalaza njaa walio nyumbani? Jibu likiwa hapana, hata kwa swali moja, basi ajue kwamba hiyo si pikipiki yake bado, hata kama funguo ziko mfukoni mwake.