Je, Wajua? Ua la Parachichi Hulala Jike, Huamka Dume

Kila ua la mparachichi hufunguka mara mbili tu. Mara ya kwanza ni jike: hupokea chavua, halitoi. Kisha hujifunga. Kesho yake hufunguka tena likiwa dume.

Ua la aina ya Hass huwa jike asubuhi, dume kesho yake mchana. La aina ya Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Panda aina zote mbili uani, nyuki watamaliza kazi. Hass peke yake pia huzaa, ila mwenzake humwongezea matunda.

Mparachichi mkubwa huweza kutoa maua milioni moja. Yanayofikia kuwa matunda? Chini ya 1 kwa kila 100.

Tena tunda haliivi mtini. Hukomaa, likaning'inia gumu kama jiwe mpaka lichumwe. Ghala la bure hilo! Chuma mawili leo, mengine wiki ijayo.

Na Hass zote duniani, za Njombe na Murang'a zikiwemo, zina mama mmoja: mti wa Rudolph Hass huko La Habra Heights, California, uliokufa mwaka 2002. Kokwa ya Hass haikupi Hass. Tafuta mche uliobebeshwa kikonyo cha Hass.