Si Masikio Yako, ni Chumba

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Lakini usiku mmoja, katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, Mombasa, nalimwona mzee ambaye sikio lake lilikaribia kulala na njaa, hali karamu imeandaliwa mbele yake.

Mzee huyo ni ami yangu. Ujanani alikuwa mpigaji wa ile fidla kubwa ya besi, ipigwayo kwa kusimama, katika taarabu. Mwenye nyumba, kijana wetu wa mtaani, alikuwa amenunua spika mpya na sanduku moja kubwa la besi, lile waliitalo sabwufa, akaliweka kwenye ukuta wa mwisho wa sebule. Ami, kwa heshima yake, akaketishwa katikati ya chumba. Ikapigwa santuri ya Unguja.

"Besi i wapi, mwanangu?" akauliza. Kijana akaongeza sauti. Vikombe vikatetemeka kabatini, jirani akagonga ukuta, na ami bado asisikie ila fidla ndogo na ganuni. Akanyamaza. Kisha akaniinamia na kuninong'oneza: "Masikio yameniaga." Akainuka aende zake. Alipofika mlangoni, upande wa pili wa chumba, akasimama ghafla na kushika mwimo. "Hii hapa!" akasema. "Ilikuwa imejificha wapi?"

Naam, msomaji mpenzi, ilikuwa imejificha kitini pake pa heshima.

Sauti ni mawimbi hewani, na sauti nzito ina mawimbi marefu. Kwa joto letu la pwani, sauti husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde. Basi mvumo wa mitetemo 35 kwa sekunde una wimbi la mita 10. Sebule ile ina urefu wa mita 5, yaani nusu kamili ya wimbi hilo. Wimbi hutoka kwenye sanduku, likagonga ukuta wa mbele, likarudi na kukutana na lile lijalo. Kwenye kuta mbili za mwisho huongezana nguvu, katikati huuana. Mvumo wa mitetemo 70 nao hufa mahali pawili, kwenye robo ya chumba kutoka kila mwisho. Ndipo katika chumba kimoja mmoja alalamike kuwa besi yamvunja kifua, na mwenzake aulize i wapi.

Nyumba zetu za kale hulizidisha jambo hili. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, aghalabu usifike mita 3, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa; hazitikisiki, na kwa hiyo huirudisha besi ndani karibu yote. Mazulia na mapazia hufaa kwa sauti nyembamba, lakini besi hupita juu yake kama hayapo.

Kuongeza sauti si dawa. Ukilitia nguvu wimbi liendalo, umelitia nguvu na lile lirudilo, na pale yanapouana yataendelea kuuana. Atakayeongezewa ni jirani, ambaye hakualikwa.

Dawa ni kuongeza masanduku, si ukubwa wa sanduku. Mwaka 2002, Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, alitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu idadi ya sabwufa zinazotosha katika chumba cha pembe nne. Aliona kwamba mbili, kila moja katikati ya ukuta unaoukabili wa mwenziwe, husawazisha besi vizuri mno baina ya viti. Nne, moja katikati ya kila ukuta, ni bora zaidi. Kupita nne, faida haikuwa ya maana.

Siri yake si ngumu. Sanduku la mwisho huu na la mwisho ule, yakivuma pamoja, hulisukuma lile wimbi refu pande mbili zinazopingana, nalo halipati nafasi ya kusimama. Kuwekwa katikati ya upana wa ukuta nako huyazuia yasiliamshe wimbi la upana. Na kwa kuwa sikio la binadamu halitambui vyema itokako sauti iliyo chini ya mitetemo 80 hivi, masanduku huweza kutawanywa pande zote, na msikilizaji akadhani besi yatoka kwa wapigaji walio mbele yake.

Tulimweleza kijana. Alilibadilisha sanduku lake kubwa kwa mawili madogo ya namna moja, akayaweka kwenye kuta mbili za mwisho, nyaya zimeungwa sawasawa, nguvu sawa. Anayetaka kufuata mfano huo na aangalie hapo hasa: ukigeuza nyaya za moja, moja litasukuma na jingine litavuta, na pale katikati patakuwa patupu kuliko mwanzo.

Ami aliitwa tena. Aliketi pale pale katikati, kwa sauti ya chini ambayo jirani hakuisikia. Santuri ilipoanza, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kutembea gotini, vikitafuta nyuzi. Hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha.

"Alichelewa kidogo, yule wa besi," akasema. "Mimi nisingechelewa."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kabla hujamwambia mzee wako kwamba ameanza uziwi, kwanza mbadilishie kiti.