Fahali Mweupe Aliyezuiwa Mwaka 1923

Barabara ya Zhanqian, jirani na stesheni ya reli ya Guangzhou, China, ina ada yake: mnunuzi kutoka Afrika Mashariki akishalipa hukalia robota lake akisubiri mzigo mwingine ufungwe, na hapo ndipo soga huanza. Katika soga kama hiyo mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, aliposikia kwetu ni Nandi, alinichokoza: "Dada, si ndio ninyi mliong'oa reli ya Mwingereza mkajitengenezea bangili?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini mzaha huo nimeusikia Nairobi na Mombasa, na vitabu vya shule vinausimulia kwa adabu zaidi: Wanandi, kabila la vita, wasumbufu wa reli.

Sikatai. Nyaya za simu zilichukuliwa zikawa mapambo, na vyuma vya reli vikafuliwa vikawa silaha. Ila watu hawapigani tangu 1895 hadi 1905, wakichomewa nyumba na kuswagiwa mifugo msafara baada ya msafara, kwa ajili ya bangili. Si mbali na hapo tulipokaa kuna mtaa wa Sanyuanli, ambao wafanyabiashara wa Kiafrika wanaujua vizuri. Mei 1841 askari wa Uingereza walifukua makaburi ya wenyeji pale, na wanavijiji wakawatokea kwa mikuki na majembe. Hekalu walikokusanyika leo ni makumbusho. Sijasikia mtu akisema watu wa Sanyuanli walikuwa na tabia ya fujo.

Anayetaka kujua Wanandi walikuwa wakilinda nini asianzie kwenye mikuki. Aanzie kwenye sherehe ya saget ab eito, kuchinjwa kwa fahali. Tohara imeandikwa na kila mtu. Mursik, maziwa yetu ya kugandisha, umeshakuwa kinywaji cha kupokelea wanariadha uwanja wa ndege. Ndoa zetu hazina ajabu kubwa kwa jirani yeyote mfugaji. Sherehe hii ndiyo ninayoililia.

Marika yetu ya wanaume ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Huzunguka, hata jina la babu wa babu likarudi kwa kitukuu. Kila baada ya miaka 15 hivi rika lililoshika nchi lilipaswa kuiachia. Vijana walinunua fahali mweupe, akachinjwa, na nyama wakala wazee. Fungu la vijana lilikuwa ngozi: kila mmoja alikata kipande akajifanyia pete ndogo, akaivaa kidoleni, mkono wa kulia. Kisha duara likafanywa kumzunguka Orkoiyot, kiongozi wetu wa kiroho, aliyesimama karibu na kigoda kilichozungushiwa samadi ya ng'ombe iliyochomekwa ndulele. Wazee na rika lililokuwa likiondoka walisimama, wapiganaji waliokuwa wakiingia waliketi chini. Orkoiyot alipotoa ishara, waliokuwa wakiondoka walivua mavazi ya vita mbele ya umati, wakavaa majoho ya manyoya ya wazee. Ndipo waliokuwa wakiingia walipoambiwa kwamba usalama wa nchi na wa watu wake umo mikononi mwao.

Mwanamume mwenye nguvu zake na mkuki wake anavua hadharani kwa kuwa zamu yake imekwisha. Nitajieni marais wa Afrika waliofanya hivyo bila kusukumwa. Na hao ndio walioitwa washenzi.

Oktoba 19, 1905, Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, alimwendea Orkoiyot Koitalel arap Samoei kwa jina la mazungumzo ya amani, akampiga risasi. Fimbo zake za uongozi zikachukuliwa Uingereza. Baada ya hapo ardhi ikawa rahisi kuchukuliwa: watu walisukumwa ndani ya rizavu, na rizavu yenyewe ikamegwa tena mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia, Kipkarren na Kaimosi, wapewe walowezi, wakiwemo askari wazungu waliotoka vitani. Juu yake kodi ya nyumba, kipande cha lazima cha utambulisho, na karantini ya sotoka iliyomzuia mtu kuuza ng'ombe wa kulipia kodi hiyo hiyo.

Mwaka 1923 ulikuwa wa saget ab eito. Serikali ya kikoloni haikubabaishwa na jambo isilolijua. Hollis, ofisa wake mwenyewe, alikuwa ameieleza sherehe hiyo kinaganaga katika kitabu cha 1909. Ilijua kwamba siku hiyo nchi hukabidhiwa, ikahofu kwamba uasi ungeanzia hapo. Oktoba 16 ilimkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, pamoja na wazee wanne, na sherehe ikapigwa marufuku. Barsirian aliachiliwa 1964. Uhuru ulimkuta kizuizini.

Walakota na Wacheyenne wa Marekani wangetuelewa upesi. Juni 1876 Walakota walicheza ngoma yao ya jua, na baadaye mwezi huo huo wakiwa pamoja na Wacheyenne wakamshinda Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, pale Little Bighorn, katika vita vilivyotokana na kunyang'anywa milima ya Black Hills, waliyoahidiwa kwa mkataba wa 1868. Kufikia 1883 serikali ilishaipiga ngoma hiyo marufuku. Bunduki zao zilihesabika; ngoma ndiyo iliyotisha. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kwamba wanastahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100 kwa milima hiyo. Walakota waliikataa, wakisema wanataka ardhi. Na ngoma ya jua wameirudisha; inachezwa kila kiangazi.

Sisi je? Fimbo za Koitalel zilirudi 2006. Tuna makumbusho yake Nandi Hills. Tunadai turudishiwe fuvu lake, na tuna haki. Lakini saget ab eito haijafanywa tena tangu izuiwe, na hilo halihitaji kibali cha London. Joho la mzee limebaki vazi la kumvika mgombea kura: anavishwa Jumamosi, anapewa rungu, anapigwa picha, na hakuna hata mmoja anayeulizwa atalivua lini.

Najua pingamizi, na wala si dogo. Tangu ghasia zilizotokea Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007, jirani asiye Mnandi akisikia vijana wamekusanywa wakaambiwa nchi imo mikononi mwao, atafunga virago usiku huo huo, na sitamlaumu. Kwa hiyo wanaotaka sherehe irudi, nami nikiwemo, tuna kazi ya kumwita jirani huyo akae ndani ya duara, aone kwa macho yake kwamba nusu ya shughuli yote ni watu kuvua mavazi ya vita. Wazee niliowaambia hivyo wamegawanyika. Mmoja alisema mgeni hakai pale. Mwingine aliuliza fahali ni bei gani siku hizi.