Kipakatalishi cha mtumba chafaa, mradi diski na nakala zisisahauliwe

MNUNUZI anayeingia katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta kipakatalishi kilichotumika huulizwa kwanza ana pesa ngapi. Swali lenye manufaa zaidi ni anakusudia kukifanyia kazi gani. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwalimu anayetunga mitihani na mwenye duka anayeweka hesabu za mauzo hawahitaji mashine mpya. Vipakatalishi vya kiofisi kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, ambavyo kampuni za ng'ambo huviuza baada ya miaka michache, huwa imara na aghalabu hufunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Jambo la kuchunguzwa ni umri wa kichakataji. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Nayo Windows 11 haivikubali rasmi karibu vichakataji vyote vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, kilichotoka 2017. Kizazi hicho husomwa kwenye nambari baada ya kistari: i5-8250U ni cha nane, i5-6300U ni cha sita. Muuzaji aweza kuonyesha Windows 11 ikifanya kazi kwenye mashine ya kizazi cha sita, lakini hapo imelazimishwa, na bei yafaa ishuke. Hata hivyo, mashine hiyo si takataka. Ikiwekewa Ubuntu au Linux Mint pamoja na LibreOffice, programu ambazo hazilipiwi hata senti, itaandika barua na kupiga hesabu kwa miaka kadhaa zaidi.

Pesa zinazookolewa kwa kununua mtumba zisiishie zote mfukoni. Sehemu yake inunue diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na haipendi kuangushwa wala kutikiswa ndani ya matatu. Ikibadilishwa kwa ile ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka, na kumbukumbu ikaongezwa hadi gigabaiti 8, mashine iliyokuwa ikisuasua huwaka upesi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe CrystalDiskInfo iendeshwe. Programu hiyo ya bure huonyesha hali ya diski na saa ambazo imewahi kuwashwa. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili bila kupumzika usiku wala mchana.

Lakini diski mpya nayo hufa, na mwizi habagui. Mashine hununuliwa tena. Tasnifu ya miaka mitatu hainunuliki. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yazo iwe mahali pengine. Wengi hudhani kwamba kuhamishia faili kwenye flashi kisha kuzifuta kwenye tarakilishi ni kuweka akiba. Huko ni kuhama tu, kwa kuwa nakala imebaki moja. Flashi inayokaa ndani ya mkoba mmoja na kipakatalishi pia haisaidii, kwani huibwa navyo vyote.

Nakala ya mbali si lazima iwe ya gharama. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikijumuisha barua pepe na picha, nazo hati za maandishi hazimalizi bando. Ila faili ikifutwa kwenye kabrasha lililounganishwa na huduma hiyo, hufutwa huko pia. Kwa hivyo diski ya nje bado yahitajika. Flashi ya bei ya kutupwa inayodai kubeba terabaiti nzima ishukiwe. Programu ya H2testw huijaza kisha husoma kilichoandikwa, na uongo hudhihirika.

Kuna kosa ambalo hata wakubwa hulifanya, nalo ni kutoijaribu nakala. Mnamo 1998, katika studio ya Pixar, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, ndipo ikagunduliwa kwamba mfumo wa akiba haukuwa ukifanya kazi ipasavyo. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa na mtoto mchanga. Jaribio lenyewe huchukua dakika tano kwa mwezi: kuchukua diski ya akiba, kuichomeka kwenye tarakilishi nyingine, na kufungua faili mbili tatu hadi ukurasa wa mwisho.